Mpaka wa Masale

Tangu daktari amkataze ugoro, akili ya Kornelia ilirukaruka kama kuku aliyeona mwewe. Na leo ukoo mzima, pamoja na jirani, ulimsubiri kihambani, kwenye shamba lao la migomba, aonyeshe masale, mimea ya mpaka, yalipokuwa kabla greda halijayang'oa.

Vidole vyake vilifikicha hewa. Alitazama mgomba, akasahau anachotafuta.

"Vuta kidogo tu, mama, utakumbuka," mwanawe alisema, akimpa kikopo.

Alivuta, akapiga chafya. Kichwa kikatulia. Akilini akamwona marehemu mumewe, amelowa mvua, akiyang'oa masale na kuyapanda upya ndani ya shamba la jirani.

Jirani alikuwa akimtazama mdomoni.

Kornelia akafunga kikopo, akakisweka kifuani.

"Ugoro wako umechuja, baba," alisema. "Sikumbuki kitu."