Nyumba Iliyomkubali Zamda

Hakuna anayeruhusiwa kununua nyumba ya kupangisha kabla hajapata somo wa kumfunda, na somo huyo lazima awe nyumba kongwe. Zamda alikwisha kataliwa na nyumba kadhaa. Hii ya Ngamiani, yenye korido ndefu na vyumba sita, ilimfungulia mlango yenyewe.

"Shikamoo, bibi," alisema Zamda.

"Marahaba, mwanangu," nyumba ikajibu, sauti ikitokea sakafuni. "Weka kiganja ukutani."

Ukuta ulikuwa na joto kama shavu la mtoto. Mara vikamjia vyote kwa pamoja: vigelegele vya harusi, kikohozi cha mzee wa chumba cha uani, mwanamke akinyata ili mwanawe asiamke. Wapangaji wa karne nzima walipita kiganjani mwake, wala hakuna aliyesahaulika. Zamda alijikuta amepiga magoti.

"Watu kama hawa ndio utakaowatunza," nyumba ilisema. "Kodi itakuja yenyewe."

"Nyumba zote zinakumbuka hivi, bibi?"

"Zote. Tena tunapashana habari. Mumeo bado anazitafuta bangili za marehemu mama yake. Mwambie umeziuza."

Zamda hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba aliziuza bangili hizo.

Jioni, katika chumba walichopanga, alimkuta mumewe anachungulia uvunguni mwa kitanda. Zamda akaugusa ukuta. Ndani yake palikuwa na mnong'ono, ukakatika ghafla, kama watu wanaonyamaza anapoingia wanayemsema.