Neno la Langoni

Bi Sanura alipokuja tena kutega sikio ukutani, Kapteni Malenda alikuwa akimsimamia fundi aliyechonga neno LIMES juu ya lango.

"Pameandikwa nini, mwanangu?"

"Ni Kilatini, bibi. Maana yake mpaka wenye ngome. Hapiti mtu."

"Tangu zamani?"

Kapteni akasita, maana seminarini alifundishwa vingine. "Zamani lilimaanisha kijia tu, kati ya shamba na shamba."

"Ndiyo maana," akasema bibi. "Mmejenga juu ya kijia chetu. Dada yangu alibaki upande wa pili, akafia huko, lakini kila alasiri bado anapita."

Kapteni alitaka kucheka. Badala yake akabandika sikio kwenye jiwe. Ndani kabisa, vishindo vya miguu vilikuja taratibu, vikasimama.

"Hodi," ikasema sauti ya mwanamke.

"Mimi humjibu kila siku, haingii," bibi akanong'ona. "Mwenye lango ni wewe."

"Hodi."

Fundi akashusha nyundo. Ilibaki hodi moja, kwani mgeni asiyejibiwa mara tatu hugeuka akaenda zake. Mdomo wa Kapteni ulikuwa umeshafunguka kusema karibu.