Shimo la Farasi Mweupe

Mpimaji wa damu aliinua uso kutoka kwenye hadubini, akauinamisha tena.

Mwishehe alisubiri, ameegemea mpini wa jembe. Tangu alfajiri alikuwa akichimba shimo nyuma ya banda la farasi la Mzungu wake, hapo Kawe, na mgongo wote ulimuuma. Shimo lilikuwa la farasi mweupe, aliyekonda hadi mbavu zikahesabika. Mbung'o wa vichakani walikwisha waambukiza malale farasi wengine watatu, na mgonjwa hupigwa risasi ili asiwaponze wenzake. Farasi mwingine, mwekundu, naye alitolewa damu ya kupimwa, kwa kuwa tu walilala banda moja.

"Mzee, huyu mweupe damu yake safi," mpimaji alisema. "Ni uzee tu."

"Alhamdulillahi."

"Wadudu wako kwa mwekundu. Wamejaa."

Mwishehe akageuka. Farasi mwekundu alinyoosha shingo, akaanza kumlamba jasho kiganjani, kama afanyavyo kila asubuhi. Manyoya yake yalikuwa yaking'aa. Tone la damu lilikuwa limekauka ukingoni mwa sikio, pale alipochomwa sindano.

"Mbona anakula vizuri?"

"Wengine hula mpaka mwisho, mzee."

Mzungu alikwisha toka barazani na bunduki yake.

Mwishehe alifuta kiganja kwenye msuli aliojifunga, polepole, akalitazama shimo. Kisha akashuka tena na jembe lake.

"Mwambie bwana asubiri kidogo," alisema. "Huyu ni mnene. Hatoenea."