Mbao za Kwetu

Siku hizi miti haikatwi, kwa hiyo anayejifunza useremala huja na mbao za nyumbani kwao. Meza yetu iliishia vipande vipande, maana nilikata juu ya mstari badala ya pembeni yake. Leo nilipeleka mbao za kitanda cha mama, naye mgonjwa nimemlaza chini.

Fundi Mbaruku aliinua mbao mbili nilizounga, ulimi niliouchonga kwenye ubao mmoja ukachomoka kwenye tundu la mwenzake.

"Kosa lile lile, binti! Kesho njoo na mbao nyingine, la sivyo usije."

Nyumbani mama aliniuliza, "Kiungo kimeshika leo?"

"Bado, mama."

Aliugeukia mlango, ubao pekee uliobaki kwetu, akautazama kwa muda mrefu.

"Bawaba zimelegea," akasema. "Hautakusumbua kuung'oa."