Kamba Mpya

“Nimeambiwa nisishuke, bosi. Ni Mungu mwenyewe, nimemsikia kwa masikio yangu haya.”

Marwa, mwenye duara, shimo hili la dhahabu, alimtazama mchimbaji wake, akashusha pumzi. Hapa Mwakitolyo sababu za kutoshuka shimoni hazikosekani: juzi mtu kaota marehemu mjomba wake, jana kamba imechakaa. Asubuhi hii Marwa mwenyewe amedamkia dukani Tinde, akarudi na kamba mpya. Sasa Mungu!

“Amekuambia wewe peke yako?”

“Peke yangu.”

“Na hawa wenzako je, hana habari nao? Nitajuaje kwamba si gongo ya jana?”

“Huwezi kujua, bosi. Hukusikia wewe.”

Hapo Marwa akapandwa na mori. Akampokonya tochi ya kichwani, akajifunga ile kamba mpya kiunoni, akakaa ukingoni mwa duara, miguu ikining’inia gizani.

“Nashuka mwenyewe! Shikeni winchi! Ujinga gani huu!”

Akakaza viganja kwenye magogo ya mdomo wa shimo, tayari kujiachia.

“Marwa, rudi.”

Sauti ilikuwa tulivu, karibu kabisa, kama ya mtu aliyeinama begani kwake. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. Wachimbaji wote walikuwa upande wa pili, mikono kwenye winchi, wakimsubiri.

“Vipi, bosi?”

Marwa alitazama tena nyuma yake. Akavuta miguu juu polepole, akajifungua kamba, akaitupa chini.

“Leo hakuna kushuka,” alisema. “Kamba hii imechakaa.”

Yule mchimbaji aliiokota. Lebo ya dukani ilikuwa bado inaning’inia. Akaing’oa kimyakimya, akaitia mfukoni.