Redio Iliyorudi

Semeni, mtafiti kutoka chuo kikuu, alisoma swali la sita kwenye dodoso lake. "Bibi, kitu ulichoibiwa kilipatikana?"

Bi Rukaya alionyesha kwa kidevu redio iliyokuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. "Ilirudi wiki ya pili. Alikuwa nayo mtu wa mji mwingine, hata simjui."

Semeni akaandika: hakuna hasara.

"Usiandike bado, mwanangu. Zamani jioni mlango huu ulikuwa wazi. Jirani akipiga hodi, keshaingia. Tulikuwa tukijaa mkekani kusikiliza mchezo wa redio, na aliyekosa sehemu ya jana husimuliwa kwanza, hata kama sote tutapitwa na ya leo. Basi polisi waliponiuliza nani huingia kwangu, nikawataja wote, mmoja mmoja. Wakachukuliwa, wakalala mahabusu."

"Na sasa, bibi?"

"Hunisalimia vizuri tu. Wakiwa barabarani."

Semeni alitafuta kwenye dodoso mahali pa kuandika jibu hilo, hakupaona. Akafunga kalamu.

Saa kumi na moja ilipofika, Bi Rukaya alitandika mkeka mpana, akafungua mlango, akawasha redio. Semeni alivua viatu, akaketi pembeni kabisa, akaacha nafasi kubwa katikati.

"Mimi nimekosa sehemu ya jana," alisema.

Bi Rukaya akaanza kusimulia, kwa sauti ya mtu anayeongea na wengi. Nje, kandambili za mpita njia zilipunguza mwendo.