Kikombe Kimoja cha Kaltumi

Kaltumi alibonyeza mguu wake uliovimba, na shimo la kidole likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. Wifi yake aliliona, akamsukumia chupa ya maji ya mizizi mpaka kifuani.

"Kunywa, wifi! Figo zako zimechoka. Jirani yangu alikunywa hii, sasa anapanda kilima cha Kibuli bila fimbo."

"Basi mwache apande. Mimi nipo bondeni, nimestarehe."

Wanawake waliojaa uani kwa ajili ya harusi wakacheka. Wifi hakucheka. "Unakataa dawa ya wazee wetu? Unataka kufa?"

Daktari alikuwa amemwekea Kaltumi kipimo: kikombe kimoja tu cha kinywaji chochote mpaka magharibi, maana figo zilikuwa zimeshindwa kutoa maji mwilini. Tangu alfajiri hakuonja hata tone. Midomo ilimpasuka kwa kiu, naye akaivumilia, akiingojea kahawa ya tangawizi ya harusi ya mjukuu wake.

Aliipokea ile chupa, akaimimina yote kwenye shina la mgomba.

"Nimebakiziwa kikombe kimoja," alisema, akimnyooshea kikombe chake bi harusi, aliyeshika birika la kahawa. "Cha kutia ndani nitachagua mwenyewe. Mimina, mjukuu wangu. Jaza mpaka kimwagike."